Kuipanulia injini njia ya hewa ukiwa nyumbani, bila kutupa boksi la kiwandani

Watu wengi wakisikia habari za kuipa injini hewa zaidi wanachowaza ni kitu kimoja tu, kung'oa boksi lote la filta na kuchomeka ile filta ya koni iliyo wazi, gari inaanza kuvuma kama lori, mtu anafurahi. Mi mwenyewe nilianzia hapo hapo. Sauti ilikuwa tamu sikatai, ila ukikaa foleni dakika kumi gari inakuwa nzito, unakanyaga mafuta inajivuta kama imebeba kokoto, nikahangaika wiki nzima nikidhani ni plagi kumbe ile koni nimeikalisha nyuma ya rejeta, pale pale feni inapotemea joto. Nikarudisha boksi la kiwandani nikaanza kulifanyia kazi lenyewe, na haya ndo niliyoyapata.

Niseme mapema ili nisije kulaumiwa: kwa injini isiyo na tabo (turbo, ile pampu inayosukumia injini hewa), usitegemee gari igeuke ndege. Unachotafuta ni asilimia chache tu, tena nyingi ya hizo zinatokana na hewa kuwa baridi kuliko na tundu kuwa kubwa. Lakini kazi yenyewe ni ya siku moja, vifaa vingi unavyo tayari, na ukikosea unaweza kurudisha kama ulivyokuta, mradi usikate kabla ya kupima.

Tuelewane kwanza njia yenyewe. Hewa inaingilia kwenye mdomo ambao mara nyingi umejificha nyuma ya grili au ndani ya fenda, inapita bomba fupi, inaingia nusu ya chini ya boksi, inapanda kupitia filta, inatokea nusu ya juu, inapita sensa ya MAF ile inayopima kiasi cha hewa, halafu ule mpira mnene wenye mikunjo, halafu throtoli, yaani kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, ndo ifike manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Magari mengine hayana MAF, yanatumia sensa ya presha kwenye manifoldi, na hayo yanasamehe zaidi ukifanya mambo.

Kila mtu anailaumu filta. Filta safi ya karatasi mara nyingi haina kosa kabisa, mwizi yuko kwenye mdomo. Piga hesabu ndogo: injini ya lita 2 ya mapigo manne inavuta ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ingevuta lita 6,000, ila silinda hazijai kabisa kwa hiyo tuseme 5,000. Hizo ni zaidi ya lita 80 kila sekunde. Sasa mdomo wa gari yangu nilivyoupima ulikuwa sentimita 6 kwa 3, yaani sentimita 18 za mraba, wakati throtoli yenyewe ina kipenyo cha milimita 60 ambayo ni kama sentimita 28 za mraba. Hewa yote hiyo ikipita kwenye kale katundu inakimbia zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na bado kuna kona mbele yake. Na kitu ambacho watu hawakijui, hasara ya presha inapanda kwa mraba wa kasi, ukipanua tundu mara mbili kasi inakuwa nusu lakini hasara inabaki robo. Ndo maana pale mlangoni kazi ndogo inalipa sana.

Kwa nini kiwanda kikaweka mdomo mdogo? Kelele hasa. Mdomo mdogo unameza sauti ya injini kuvuta, na pia unazuia maji. Siyo kwamba mainjinia hawajui, wao wanatengeneza gari ya mtu anayetaka kusikiliza redio.

Hatua ya kwanza: kagua kilichopo

Fungua klipu za boksi, toa filta, ishike dhidi ya jua au tochi. Ikiwa nyeusi mwanga haupiti, weka mpya kwanza, uendeshe siku mbili tatu, inawezekana shida yako yote imeishia hapo. Chungulia chini ya boksi, utakuta majani, wadudu, mchanga. Tuliwahi kufungua gari ya jamaa yangu tukakuta panya kajenga, nusu ya boksi ni sponji ya siti na vipande vya karatasi, na mwenye gari alikuwa anauliza habari za filta ya kisasa.

Alafu ule mpira wenye mikunjo, upinde kwa mkono huku unaangalia ndani ya mifereji yake, maana ufa hujificha humo, ukiwa umenyooka huuoni. Mpira ukipasuka baada ya MAF, injini inavuta hewa ambayo haijahesabiwa, mchanganyiko unakuwa mwembamba, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na hapo hata ufanye ufundi gani mbele yake unapoteza muda.

Hatua ya pili: pima

Hii ndo hatua ambayo wengi wanairuka na ndo ya maana kuliko zote. Tafuta mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, kipenyo cha milimita 5 au 6, urefu mita 4 hadi 5. Chukua ubao wa mita moja, ulaze mpira juu yake kwa umbo la U, ufunge kwa waya au zile klipu za nyaya za umeme ili usicheze, katikati bandika tepu ya kupimia. Tia maji yenye tone la rangi mpaka yafike nusu ya ubao pande zote mbili. Ncha moja iache wazi, nyingine ndo inaenda kwenye gari. Umeshapata kipimo cha mvuto ambacho hakidanganyi na hakihitaji betri.

Injini ikivuta, maji upande mmoja yanapanda na upande wa pili yanashuka. Unachosoma ni tofauti ya vichwa viwili vya maji, siyo kile kilichopanda peke yake, hapa wengi wanakosea wanapata nusu. Sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1, na hewa ya kawaida usawa wa bahari ina kilopaskali 101, kwa hiyo kila sentimita 10 unazosoma ni kama asilimia 1 ya hewa ambayo injini yako inanyimwa.

Sehemu ya kuchomeka: toboa tundu la milimita 4 au 5, mpira uingie kwa kubana. Tundu moja kwenye nusu ya chini ya boksi, kabla ya filta. Lingine baada ya filta kwenye nusu ya juu. La tatu kwenye mpira mnene karibu na throtoli, na hapo kama kuna kijibomba kidogo cha pumzi ya injini unaweza kukitumia badala ya kutoboa, uzibe ile hosi yake kwa muda huo. Matundu ya upande wa baada ya filta yatobolee nje ya gari, usafishe unga wote wa plastiki ndo urudishe. Unga huo ukibaki unaenda moja kwa moja kwenye silinda.

Tafadhali sana usichomeke huu mpira nyuma ya throtoli, upande wa manifoldi. Injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, mvuto wa huko unaweza kuzidi kilopaskali 60, hiyo ni zaidi ya mita 6 za maji, maji yako yote yanaondoka kwenye ubao kabla hujasema lolote na yanakwenda kunywewa na injini.

Kupima kunataka watu wawili. Dereva anaendesha na macho yake yako barabarani, mwingine ameshika ubao umesimama wima. Barabara iwe tupu na nyoofu, gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho kuanzia mizunguko 2,500 hadi karibu na mstari mwekundu, anayesoma anashika ile namba kubwa kuliko zote. Rudia mara tatu kila tundu, kisha toa moja kwa nyingine ujue kila kipande kinakula kiasi gani.

Kwangu ilikuja hivi: jumla sentimita 22. Kabla ya filta tayari 13. Filta yenyewe 4. MAF na mpira pamoja 5. Yaani zaidi ya nusu ya hasara yote ilikuwa kwenye kale kamdomo, na mi miezi yote nilikuwa nashika filta za watu nauliza ipi bora. Kama wewe jumla yako ni sentimita 8 au 10, funga boneti ukale chakula, kiwanda kilishakufanyia kazi.

Kabla hujatoa boksi pima na joto pia. Chomeka skana ya OBD, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, hata zile ndogo zinazoongea na simu, tafuta namba ya joto la hewa inayoingia. Linganisha na joto la nje ukiwa kwenye mwendo, na ukiwa foleni. Hewa ikipanda nyuzi 10 inapoteza karibu asilimia 3 ya uzito wake. Sasa linganisha na ile asilimia 1 ya sentimita 10 za maji, utaona ni wapi pa kuweka nguvu.

Hatua ya tatu: toa boksi

Zima gari iache ipoe, chomoa soketi ya MAF ukiwa umezima swichi, legeza kabana (klampu) ya mpira, fungua bolti za boksi, magari mengi ni soketi ya 10, ling'oe taratibu maana chini huwa kuna kipini cha mpira kimelishikilia. Piga picha kabla, hasa hosi ndogo ndogo. Mdomo wa mpira unaokwenda throtoli uzibe na kitambaa kikubwa safi, kikubwa nasema, siyo kipande ambacho utakisahau ndani.

Hatua ya nne: mdomo mpya

Una njia mbili. Ya kwanza ni kupanua ule ule wa kiwandani, unakata sehemu iliyobanwa mpaka ufike pale bomba linapokuwa pana. Magari mengi ubanaji uko sentimita chache tu za mwanzo, ukizitoa umemaliza. Ya pili ni kuacha mdomo wa zamani kama ulivyo na kuongeza wa pili unaoingia kwenye nusu ya chini ya boksi kutoka sehemu yenye hewa baridi. Mi nilifanya ya pili kwa bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 70, kama sentimita 38 za mraba.

Hewa baridi iko wapi? Nyuma ya grili juu ya rejeta, kama kuna kizuizi kinachotenganisha na joto la injini. Nyuma ya taa ya mbele. Ndani ya fenda, kati ya bodi na ile plastiki ya juu ya tairi. Siyo nyuma ya rejeta, na siyo chini kabisa kwenye bampa hata kama unaona hewa inapiga vizuri, kwa sababu ya maji. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na maji juu yake haina pa kuyapeleka, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, na hapo umenunua injini. Kanuni yangu ni kwamba mdomo mpya usiwe chini ya ule wa kiwandani, basi, na kama unakoishi barabara zinajaa mvua ikinyesha usijadiliane hata na mtu. Mdomo wa ndani ya fenda uangalie pia tairi isiurushie maji, uelekeze mbele au juu.

Kabla hujanunua gundi geuza boksi utafute maandishi madogo yaliyogongwa kwenye plastiki. Ukiona PP, au PP-T20, au PP-GF30, hiyo ni polipropilini, na gundi za kawaida hazishiki hapo. Nilibandika shingo ya bomba kwa gundi ya papo hapo, ikashika vizuri kabisa mezani, siku ya tatu nafungua boneti nakuta imelala pembeni. Bahati ilikuwa kabla ya filta. Baadaye nilitumia bolti nne ndogo zenye nati za kujikaza, katikati nikaweka sponji ya mpira ya kuziba. Bolti hizi ziwe kwenye nusu ya chini tu. Upande wa baada ya filta usiweke nati, skrubu wala kitu chochote kinachoweza kulegea, maana kikilegea hakuna cha kukizuia.

Tundu lenyewe likate kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, mwendo wa polepole, ukienda kasi plastiki inayeyuka na kujikunja. Kisha msasa namba 80 kutoa makucha, namba 240 kulainisha.

Sasa kitu kidogo kinachosahaulika, ncha ya bomba. Bomba lililokatwa kavu na kuachwa limechomoza, hewa inajikunja kwa ghafla pale ukingoni na njia halisi inakuwa nyembamba kuliko tundu unaloliona. Ukiikunja ncha kwa nje kama mdomo wa tarumbeta, hasara ya mlangoni inashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa. Bomba la PVC linalainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo chukua bunduki ya joto, zungusha taratibu ncha ya bomba mpaka ilegee kama ngozi, ikandamize juu ya kitu cha duara chenye mgongo laini, mi nilitumia kitako cha bakuli la chuma, shikilia mpaka ipoe. Ya kwanza itatoka imepinda, kata ufanye tena. Fanyia nje penye upepo na usiiunguze, moshi wa PVC ni sumu kweli. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kulainika, bomba lako lisipite karibu na ekzosi wala kugusa rejeta.

Mwisho wa hatua hii, hakikisha chini ya boksi kuna katundu ka kutolea maji, milimita 5 au 6 inatosha. Mengi yanako tayari ila kameziba na tope.

Ndani ya boksi

Hapa pita haraka. Kuna mistari ya plastiki iliyobaki kutoka kiwandani, kona kali pale hewa inapotoka kwenda MAF, piga msasa kidogo. Usiguse ile nyavu au sega lililo mbele ya MAF, watu wanalitoa wakidhani linaziba, kazi yake ni kunyoosha hewa ili sensa isome sawa. Na usibadilishe kipenyo cha bomba ambamo MAF imekaa. Kompyuta ya gari imefundishwa kwamba kwenye bomba la ukubwa ule, ule waya wa moto ulio ndani ya MAF ukipoa kiasi fulani, hewa ni kiasi fulani. Ukiweka bomba pana zaidi hewa inapita polepole mbele ya sensa, inasoma kidogo kuliko ilivyo, mafuta yanapungua, taa ya cheki injini inawaka na mara nyingi namba ya hitilafu ni P0171, yaani mchanganyiko mwembamba.

Filta weka ya karatasi mpya ya saizi ile ile. Zile za pamba zenye mafuta zinafaa kama utakuwa mwaminifu kuzisafisha, ila mtu akishazidisha mafuta yanarukia kwenye waya wa MAF, na waya ule ni mwembamba kama unywele. Kwenye vumbi jingi mi nabaki na karatasi.

Lile boksi tupu la pembeni ambalo halina kitu ndani, resoneta, wengi wanalitupa siku ya kwanza. Kazi yake kubwa ni kuua mlio fulani. Likiwa limetokeza kama tawi pembeni ya njia halizuii hewa yoyote, liache. Likiwa liko katikati ya njia na vipimo vyako vinaonyesha linakula sentimita kadhaa, hapo toa, ila jiandae na mlio ambao kwenye safari ndefu unachosha.

Hatua ya tano: rudisha na upime tena

Futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu, likaushe, toa kile kitambaa cha kwenye mpira, nakukumbusha tena, rudisha kila hosi mahali pake kwa kufuata picha. Bana kabana mpaka mpira usizunguke kwa mkono. Washa, sikiliza kama kuna mluzi. Injini ikipandisha na kushusha mizunguko yenyewe, kuna hosi umeisahau.

Rudia kipimo cha maji kwenye tundu zile zile, gia ile ile. Kwangu ile 13 ya mdomo ikashuka mpaka 4, jumla ikawa 13, yaani nimerudishiwa chini kidogo ya asilimia 1 ya hewa. Ndogo, najua. Ila foleni, joto la hewa lililokuwa nyuzi 58 likashuka hadi 41, hizo nyuzi 17 ndo nilizozisikia mguuni, gari ikaacha kuwa nzito jua likiwa kali.

Kwenye skana angalia pia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, baada ya siku kadhaa za kuendesha. Yakibaki kati ya minus 10 na plus 10 uko salama. Yakipanda juu ya hapo kuna hewa inapenya baada ya MAF au umeivuruga MAF yenyewe, usiendelee kukanyaga mpaka ujue.

Matundu ya kupimia yazibe kwa vizibo vya mpira vyenye kichwa kwa nje, vile visivyoweza kuingia ndani hata vikivutwa. Gari ikiwa bado na waranti, au kama inapita ukaguzi wa moshi, soma masharti yake kabla ya kukata chochote. Baada ya wiki moja fungua tena boneti, kaza zile bolti nne, pitisha kidole chini ya boksi kama kuna unyevu, na uangalie ukingo wa filta kama umekaa sawa pande zote. Yangu mara ya kwanza kona moja ilikuwa imenyanyuka kidogo, na kwenye nusu ya juu kulikuwa na mstari mwembamba wa vumbi unaoelekea moja kwa moja kwenye throtoli.